Meza ya Fundi: YouTube inacheza, video za darasani zinagoma

*Fundi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa baiolojia huku Nachingwea. Msimu uliopita, fedha za korosho za baba zilipoingia, nilinunua laptopu ya mtumba yenye mfumo wa Ubuntu 20.04. YouTube inacheza vizuri tu. Lakini video za somo langu zilizoko kwenye tovuti nyingine hazichezi: Firefox inaleta kisanduku cheusi, na juu unatokea ukanda unaosema huenda nahitaji kuweka kodeki. Kijana mmoja wa steshenari alinitoza 10,000 akasema ameniwekea Flash. Hakuna kilichobadilika. Kwenye orodha ya plagini naiona OpenH264. Nakosa nini? — Mwalimu, Nachingwea*

Marahaba mwalimu. Kwanza pole kwa hiyo elfu kumi. Adobe waliacha kuihudumia Flash, programu yao ya zamani ya kuchezea video kwenye kivinjari, tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 hata aliyebaki nayo ilimzuia asicheze kitu. Mwezi huohuo Firefox toleo la 85 likaiondoa kabisa. Kwa hiyo hata kama kweli kijana alikuwekea, kivinjari chako hakina tena mlango wa kuipitishia. Hapa Chikongola bado naletewa laptopu ambazo mwenyewe ameambiwa "weka Flash". Ushauri huo una umri wa kutosha kuanza darasa la kwanza.

Jibu lako limo kwenye barua yako mwenyewe: YouTube inacheza. Maana yake intaneti ni nzima, spika ni nzima na kivinjari ni kizima. Tatizo ni lugha. Video hubanwa na kufunguliwa kwa kanuni ziitwazo kodeki, na YouTube hutumia VP9 na AV1, ambazo hazidai ada, kwa hiyo Firefox huzibeba tumboni mwake. Video zako za somo, bila shaka, ni MP4 zilizobanwa kwa H.264, na sauti yake kwa AAC. Hizo zina hataza na masuala ya malipo, ndiyo maana Firefox ya Linux, familia ya mifumo ambayo Ubuntu wako imo, haizibebi. Huziazima kwenye mfumo, kutoka kwa maktaba ya FFmpeg iitwayo libavcodec. Wakati wa kuweka Ubuntu kuna kisanduku kidogo cha kukubali programu za watu wengine. Aliyekuandalia laptopu hakukitia tiki, basi Firefox ikienda kuazima inakuta hakuna mtu nyumbani.

Na ile OpenH264? Ni kodeki ya H.264, zawadi ya kampuni ya Cisco, iliyotangazwa mwaka 2013, na Firefox iliichukua hasa kwa ajili ya simu za video. Kuiona kwenye orodha kusikudanganye.

Fungua teminali, lile dirisha la kuandikia amri, andika amri hizi moja baada ya nyingine:

sudo apt update
sudo apt install libavcodec-extra

Itakuomba paswedi. Ukiiandika hutaona hata nukta, usishtuke, malizia ubonyeze Enter. Kisha funga Firefox yote, si tabu moja, uifungue upya.

Utakutana na wanaokwambia uweke ubuntu-restricted-extras, furushi la kodeki na vitu vingine. Si kosa, ila kwa mwenye bando la kuhesabu siipendi. Inabeba na fonti za Microsoft, na fonti hizo huvutwa kutoka sehemu nyingine ya mtandao, mara nyingi zinakwama njiani. Halafu katikati ya kazi teminali inageuka ukurasa wa mkataba ambao kipanya hakiugusi. Mimi mwenyewe mara ya kwanza niliukodolea macho nusu saa nikidhani bado inapakua, nikachoka, nikaifunga teminali. Kuanzia hapo kila nilichotaka kuweka kilikataa. Dawa ya ukurasa ule ni kubonyeza Tab hadi neno la kukubali liwake, kisha Enter. Na aliyekwisha kuharibu kama mimi, aandike sudo dpkg --configure -a, mambo yatarudi mstarini.

Kuna kichekesho kimoja. Mtu anaweka VLC kwa amri ya apt ili aangalie filamu zake, kesho yake anakuta na video za kwenye kivinjari zimeanza kucheza, anadhani laptopu imejionea huruma. VLC imekuja na libavcodec mkononi, Firefox nayo ikaazima.

Jambo la mwisho kwako: huduma ya kawaida ya Ubuntu 20.04 ilikwisha mwaka 2025. Likizo ikifika, panga kuhamia toleo jipya. Kuanzia 22.04 Firefox huja kwa mtindo wa snap, yaani kifurushi kinachojitegemea, na huja na kodeki zake, hivyo hutahangaika hivi tena.

*Kaka fundi, hujambo. Najifunza ushonaji kwa video, laptopu yangu ni Core i5 ya kizazi cha tatu, ina Linux Mint. Nikifungua video feni inalia kama mashine ya kukoboa, na picha inarukaruka hadi sioni sindano inapoingia. Mume wangu anasema ni bando. — Dada wa Mikindani*

Sijambo dada. Mwambie shemeji bando likiwa dogo video husimama na kuzungusha kile kiduara. Haipigi feni kelele. Feni ikilia ni prosesa inafanya kazi ya mwingine.

Chipu ya picha ya kizazi chako inajua kufungua H.264 yenyewe, lakini VP9 haijui. Kwa Intel, VP9 imeingia sawasawa kwenye kizazi cha saba, na AV1 kizazi cha kumi na moja. YouTube ikikuletea VP9, mzigo wote unaangukia prosesa. Weka kiongezo kiitwacho h264ify kwenye kivinjari. Kinaiambia YouTube ikuletee H.264. Halafu weka dereva i965-va-driver na programu ya kuikagua chipu iitwayo vainfo, uandike vainfo kwenye teminali. Ukiona mistari yenye H264 na VLD, chipu iko tayari. Firefox kuanzia toleo la 115 huitumia yenyewe kwa Intel. Pia shusha ubora wa picha hadi 480p, sindano utaiona, na hapo shemeji naye atakuwa amepata haki yake kidogo kwenye bando.

Ikiendelea kulia, fungua mfuniko. Ninyi wa Mikindani mnakaa mdomoni mwa bahari. Vumbi likichanganyika na unyevu wa chumvi linaganda kwenye mapezi ya kupozea kama ukoko wa wali, na hilo haliondolewi na amri yoyote ya teminali.

*Fundi, nina kibanda umiza hapa Mtanda, Lindi. Nikichomeka runinga kwa HDMI picha inakuja, sauti inabaki kwenye laptopu. Wateja wanadai hela yao. — Mdogo wako*

Mdogo wangu, weka pavucontrol, programu ya kuongoza sauti, ifungue huku video ikicheza. Kwenye tabu ya usanidi, badilisha kadi ya sauti iende HDMI. Ukirudi kwenye spika za laptopu, rudisha, maana wengine huniletea "laptopu bubu" kumbe sauti inapelekwa kwenye runinga iliyokwisha kuchomolewa.

*Nimelipia huduma ya filamu, Firefox inasema video imefungwa. — Msomaji, Masasi*

Hiyo ni DRM, kufuli la kuzuia filamu zisinakiliwe. Nenda kwenye mipangilio ya Firefox, sehemu ya jumla, utakuta mstari wenye herufi hizo tatu. Tia tiki, subiri dakika chache ivute plagini ya Widevine inayofungua kufuli hilo, kisha onyesha ukurasa upya. Ukikuta picha si kali kama kwenye runinga ya jirani, si kosa lako: baadhi ya huduma huinyima Linux ubora wa juu kwa makusudi.