Asilimia ya uchanjaji isikuridhishe mapema

Kwako unayeanza kazi ya kutathmini miradi ya chanjo vijijini Tanzania: ukifika wilayani, kitu cha kwanza utakachooneshwa ni asilimia ya uchanjaji. Kabla hujaiandika, uliza idadi ya walengwa imetoka wapi. Kwa kawaida ni makadirio ya sensa. Sensa ya 2012 ilitumika mpaka ilipofanyika ya 2022, na katikati watu walihama, vijiji vikagawanywa. Tena unaweza kukuta zahanati moja imechanja asilimia 115 na jirani yake 60, kumbe mama wa kijiji cha pili wanapeleka watoto zahanati ya kwanza wakienda mnadani.

Mimi huanza na watoto wanaokatisha, kwa sababu hesabu hiyo haitegemei makadirio. Penta, chanjo moja inayokinga magonjwa matano, dozi ya kwanza hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, ya tatu akiwa na wiki 14. Tuseme walianza 200, wakamaliza 160: asilimia 20 wamekatisha. Ikizidi 10, kuna jambo linalowazuia mama kurudi. Ila hesabu hii haimwoni mtoto ambaye hajawahi kuletwa kabisa. Huyo utampata kwa kutembea tu, tena hadi vitongoji vya mwisho. Mwenyekiti akikupeleka nyumba za kando ya barabara, mshukuru kisha uombe kwenda mbele zaidi.

Sasa kaa na muuguzi, umuulize kuhusu chupa. Chanjo ya surua-rubela huja kwenye chupa ya dozi 10, na ikishachanganywa na maji yake, kinachobaki hutupwa baada ya saa 6. Muuguzi akiona watoto wawili tu kwenye benchi, anawaza dozi nane zitakazomwagwa na maswali atakayoulizwa na wilaya, basi anamwambia mama arudi siku ya kliniki. Mama huyo ametembea saa mbili na mtoto mgongoni. Asiporudi, ripoti itaandika "mwitikio mdogo wa jamii". Maneno hayo huniuma, maana jamii ilishaitikia. Shirika la Afya Duniani linashauri chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Chunguza kama mradi unawapa vituo dozi za kutosha kufanya hivyo.

Kwenye kaya, tafuta watoto wa miezi 12 hadi 23 na uombe kadi ya kliniki. Kadi ikiwa imepotea, linganisha na daftari la kituo. Mama mwenye watoto watano hawezi kukumbuka kila sindano. Angalia pia kama kulikuwa na kampeni ya kitaifa kipindi hichohicho, usije ukaupa mradi sifa isiyo yake.

Siku ya kuondoka, pitia daftari pamoja na muuguzi, mwandike orodha ya watoto ambao hawajamaliza, kitongoji kwa kitongoji, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii aichukue siku hiyohiyo. Ripoti yako itachukua miezi kufika wizarani.