Maswali na majibu: Jon Bing na chombo cha anga kilichobeba maktaba

Tangu nilipomtaja Jon Bing katika safu hii, mwandishi wa Norway aliyetunga hadithi za kubuni za kisayansi kwa watoto, vijana na watu wazima, maswali yamefika kwa wingi. Leo ninajibu matano.

Jon Bing ni nani, na kwa nini kila anapotajwa hutajwa na mtu mwingine?

Alizaliwa Tønsberg mwaka 1944 na kufariki dunia Januari 2014. Huyo mwingine ni Tor Åge Bringsværd, mzaliwa wa Skien mwaka 1939. Wakiwa wanafunzi mjini Oslo walishiriki kuanzisha Aniara, klabu ya wapenzi wa bunilizi ya kisayansi, mwaka 1965, na miaka miwili baadaye wakatoa kwa pamoja kitabu chao cha kwanza, mkusanyiko wa hadithi fupi uitwao *Rundt solen i ring*. Walihariri pia mfululizo wa vitabu vya aina hiyo katika shirika la uchapishaji la Gyldendal, hivyo Wanorwei wengi walionja hadithi hizi kwa mara ya kwanza kupitia mikono yao. Kila mmoja alikuwa na vitabu vyake vya peke yake, lakini nathubutu kusema kwamba ukimsoma mmoja bila mwenzake utabaki na nusu ya mazungumzo.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama ninayeishi Bergen. Mwanangu wa kwanza ana miaka 12 na anasoma Kinorwei vizuri kuliko mimi. Mdogo wake ana miaka 5. Niwatafutie nini maktabani?

Marahaba. Kwa mkubwa, omba vitabu vinne vya Bing kuhusu chombo cha anga kiitwacho *Alexandria*: *Azur*, sayari ya manahodha (1975), *Zalt*, sayari ya mabwana wa mvuke (1976), *Mizt*, sayari ya mizuka (1982), na *Tanz*, sayari ya mafumbo (1985). Chombo hicho hakikubeba askari wala wafanyabiashara. Kimebeba maktaba, kama jina lake linavyodokeza kwa kuukumbuka mji wa Misri uliokuwa na hazina mashuhuri ya maandishi ya kale, na mabaharia wake ni wakutubi wanaopita sayari hadi sayari wakipeleka maarifa na kukusanya mengine. Mtoto aliyezoea kuona kila shujaa akishinda kwa bunduki atashangaa kukuta watu wanaoshika tatizo la sayari nzima kwa kuuliza kwanza: ni nani aliyewahi kuliandika hili, na limehifadhiwa wapi? Mimi naamini hilo ni wazo zuri kuliko mengi niliyoyaona katika vitabu vya vijana, na ningependa kila shule iwe nalo.

Kwa mdogo, tafuta Ruffen wa Bringsværd, nyoka wa baharini asiyejua kuogelea. Vitabu hivyo vilichorwa na Thore Hansen, nawe utaweza kuvisoma naye hata kama Kinorwei chako bado kinajikongoja.

Neno “fabelprosa” lina maana gani?

Ndilo neno ambalo Bing na Bringsværd walilitangaza kwa Kinorwei ili kukusanya chini ya paa moja bunilizi ya kisayansi, hadithi za miujiza na kila nathari inayovuka mipaka ya uhalisia. Kwa Kiswahili ningesema “nathari ya hekaya”. Lingetufaa hata sisi, kwa maana riwaya ya *Walenisi* ya Mkenya Katama Mkangi (1995), ambamo mtu aliyehukumiwa kifo anarushwa angani kwa chombo na kutua katika nchi ya haki, huwapa taabu walimu wanaotaka kuiwekea jina moja tu.

Nimesikia kwamba waliandika pia tamthilia ya televisheni. Inahusu nini?

Ni *Blindpassasjer*, iliyorushwa na NRK, shirika la utangazaji la Norway, mwaka 1978 kwa sehemu tatu. Neno hilo ukilitafsiri kipande kwa kipande utapata “abiria kipofu”, lakini maana yake ni mzamiaji, yule anayejificha kwenye shehena mpaka meli ing'oe nanga. Chombo *Marco Polo* kinarudi kutoka sayari ya Rossum, jina linalokumbusha *R.U.R.* (“Roboti za Rossum”), tamthilia ya mwandishi wa Kicheki Karel Čapek ya mwaka 1920 iliyoupa ulimwengu neno “roboti”. Mabaharia watano wamelazwa usingizi mrefu wa safari. Wanapoamka, wanagundua kwamba kuna kiumbe kilichotengenezwa ambacho kimemuua mmoja wao na kuvaa umbo lake. Wote watano wapo na wote wanazungumza, huku kila mmoja akimtazama mwenzake usoni akitafuta ishara ya utu asiyojua inafananaje. Hofu yote ya tamthilia imo katika kutazamana huko. Mzamiaji ni yupi, sitasema.

Ni kweli alikuwa profesa wa sheria? Alipata wapi muda wa kutunga hadithi?

Ni kweli, na kwangu mimi swali la muda halina uzito kama swali la uhusiano. Katika Chuo Kikuu cha Oslo, Bing alishirikiana na Knut Selmer kujenga tangu mwaka 1970 kituo cha utafiti wa kompyuta na sheria, wakati ambapo wanasheria wengi hawakuwa wameigusa mashine hiyo. Alichunguza namna kompyuta inavyoweza kumsaidia mwanasheria kuipata hukumu moja anayoihitaji kati ya maelfu ya maandishi, na ni nani anayepaswa kulindwa taarifa zake zinapohifadhiwa humo. Ukivisoma vitabu vya *Alexandria* ukiwa na habari hiyo, utaona kwamba mkutubi wa angani na profesa wa Oslo wanafanya kazi ileile. Katika miaka ya 1990 aliongoza pia Norsk kulturråd, baraza la utamaduni la nchi yake, ambalo tangu mwaka 1965 limekuwa likinunua nakala za vitabu vipya vya Kinorwei na kuzigawa katika maktaba za umma. Huenda mama yetu wa Bergen akakuta rafuni kitabu kilichofika kwa njia hiyo.