Maswali Yenu: Vitara vya Poland, Uzito na Uongo wa "Cha Kale"

Mwezi huu nusu ya maswali kuhusu vitara, zile panga zilizopinda za wapanda farasi wa Poland, ni swali lilelile lililobadilisha kanzu: "Hiki ni cha kweli?" Subirini zamu yake.

Nakala yangu ya kitara cha husaria ina kilo moja na nusu. Muuzaji anasema uzito ndio nguvu. (Nakuru)

Kakuuzia nondo. Vitara vya husaria, wale wapanda farasi wa vita wa Poland, katika karne ya 17 kwa kawaida vilikuwa na uzito wa kilo moja hivi au pungufu. Siri iko kwenye unene wa bapa: hapo mpinini milimita sita hivi, kisha chuma kinakonda taratibu mpaka karibu na ncha kinabaki milimita mbili. Fundi mvivu hukata bamba lenye unene mmoja, akalipinda, akalinoa, basi. Ukikishika, ncha inakuvuta kama ndoo iliyojaa maji. Kabla ya kulipa, dai vipimo vitatu vya unene: mpinini, katikati, na sentimita 10 kabla ya ncha. Asiyeweza kuvitoa hakukifua yeye, wala hamjui aliyekifua.

Ile pete ya pembeni ya mpini ni ya kutundikia? (Tanga)

Ni ya kidole gumba, jamani. Wapolandi huiita paluch. Gumba likipita humo, kitara kinatulia mkononi na kinarudi upesi baada ya pigo. Ndiyo maana ukiagiza kwa fundi, mtumie kipimo cha gumba lako. Wengi husahau, kisha hunilalamikia mimi.

Chuma kisichoshika kutu si bora kwetu watu wa pwani? (Mombasa)

Kwa kisu cha jikoni, sawa. Kwa upanga mrefu wa kupigia, hapana, maana huo unaweza kukatika na kipande kikaruka usoni mwa mtu. Mafundi makini hutumia chuma cha springi, ndugu wa kile ambacho wahunzi wetu hufulia mapanga kutoka kwenye springi za lori. Kutu dawa yake ni kitambaa na mafuta. Na usikiache miezi ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hunywa unyevu.

Nimepata batorówka, kitara chenye sura ya mfalme na jina lake. Ni ya miaka ya 1580? (Dar es Salaam)

Haya, zamu yake imefika. Mfalme Stefan Batory wa Poland alitawala 1576 hadi 1586, lakini vitara vyenye sura na jina lake viliendelea kutengenezwa karne ya 17 na ya 18, kwa mabwana waliotaka kuonekana warithi wa mashujaa. Maandishi yale yanakwambia nani alihusudiwa. Mwaka hayakwambii. Kwa hiyo hata kilicho cha kale kwelikweli kinaweza kukudanganya umri, sembuse hiki chako kilicholowekwa siki wiki iliyopita. Nami niliwahi kulipia kutu ya namna hiyo, tena kwa furaha. Siku hizi naheshimu nakala yenye muhuri wa fundi na mwaka aliofua kuliko "cha kale" kisicho na baba. Tena Poland ina sheria kuhusu kutoa vitu vya kale nchini. Kama ni cha kale kweli, kibali kiko wapi?

Mjomba anauziwa kitara "kilichoachwa na wakimbizi wa Tengeru". (Arusha)

Mwambie mjomba afunge pochi. Wapolandi waliofika Tengeru, hapo karibu na Arusha, kuanzia 1942 walikuwa wengi wao wanawake na watoto, waliong'olewa makwao na Wasovieti wakapelekwa Siberia na Asia ya Kati, kisha wakapitia Iran hadi kwetu. Mtu aliyetolewa nyumbani usiku akielekezewa bunduki mgongoni hakubeba upanga wa babu. Makaburi yao yapo Tengeru hadi leo. Aende akayaone. Kugeuza msiba wa wale watu kuwa kibandiko cha bei ni jambo la aibu.

Kitara cha karabela au cha husaria, kipi kinapendeza ukutani? (Muscat)

Karabela. Ule mpini wenye umbo la kichwa cha tai uliwafaa sana mabwana waliopenda kutazamwa.

Kitakata mgomba? (Bukoba)

Kikinolewa, ndiyo. Panga la shamba pia, kwa bei ya kuku.

Ni kweli 1939 Wapolandi walivamia vifaru vya Wajerumani kwa vitara? (Kampala)

Si kweli, na mnaniuliza kila Septemba. Pale Krojanty, kijiji cha Poland, Septemba 1, askari farasi wa kikosi cha 18 cha Pomerania waliwashambulia askari wa miguu wa Kijerumani, wakawatawanya, ndipo magari ya deraya yakatokea na kuwamiminia risasi. Waandishi wa habari walioletwa baadaye waliona maiti za farasi na magari ya chuma, wakajitungia. Kitara kipya cha jeshi zama hizo kilikuwa cha modeli ya 1934, kilichofuliwa kiwanda cha Ludwików, mjini Kielce, ndiyo maana kinaitwa ludwikówka. Akija mtu na chenye mkwaruzo akasema "hapa ndipo kilipogonga kifaru", muulize anataka shilingi ngapi kwa mkwaruzo peke yake.