Kuongeza 10% juu ya oda hakutoshi

Boss, umesema oda ilikuwa mashati 1,000, kwa kawaida 10% huharibika pale kwa kukata, ukanunua kitambaa cha mashati 1,100 na bado ukapungukiwa. Usianze kushuku mafundi wako bure, ni hesabu tu. Hiyo 10% inakatwa kwa kile unaanza nacho, sio kwa oda, so ukianza na 1,100 yanaharibika 110 unabaki na 990. Hapo unagawanya, huongezi: 1,000 gawa kwa 0.9 (ile 90% inayobaki nzima) ni 1,111 na pointi, panda hadi 1,112.

Sasa kama na kushona pia kunaharibu, tuseme 5%, usijumlishe ukasema ni 15%, zidisha 0.9 mara 0.95 upate 0.855, halafu 1,000 gawa kwa hiyo, yaani kitambaa cha mashati 1,170. Lakini vifungo usinunue vya 1,170! Vinaingia kwa kushona, yale ya kukata yashatoka, kwa hivyo 1,000 gawa kwa 0.95, vya mashati 1,053 vinatosha. Hapa ndio watu wengi huzika pesa kwa stoo.

Vile vipande vidogo vinabaki mezani baada ya kukata ni kitu ingine, sio ya hiyo 10%, viweke ndani ya hesabu ya mita za kitambaa cha shati moja. Na kama unatumia programu ya kupanga mali, cheki hiyo 10% isiwe imeandikwa kwa kitambaa na tena kwa kazi ya kukata, itahesabu mara mbili.