Kuchunguza prosesa bila kunakili kazi ya mwenyewe

Fundi wa Ngamiani, Tanga, anayetaka kuunda chipu inayofanya kazi sawa na Z80, prosesa ya zamani ya kampuni ya Zilog, hana sababu ya kuogopa hakimiliki, mradi ajue inalinda nini. Inalinda kilichoandikwa: programu, mikrokodi (maagizo madogo yaliyomo ndani ya baadhi ya chipu, yanayoongoza utendaji wake), kitabu cha maelezo. Jinsi chipu inavyotenda haimo. Mkataba wa TRIPS, ule wa kimataifa kuhusu hakimiliki, hataza na haki nyingine za ubunifu, ibara ya 9(2), umeweka wazi kwamba mawazo, taratibu na njia za utendaji hazina hakimiliki.

Basi anza kwa kuipima kutoka nje. Tafuta Z84C00, toleo la Z80 lililoundwa kwa teknolojia ya CMOS. Hiyo unaweza kuisimamishia mapigo ya saa na isisahau ilipofika. Ile ya zamani, ya teknolojia ya NMOS, ukiipunguzia mwendo kupita kiasi hupoteza kumbukumbu. Kama ni ya mtumba na imekaa hapa Tanga, sugua pini kwa brashi na spiriti kwanza, maana upepo wa chumvi huziotesha ukoga na utailaumu chipu bure.

Volti 5 ziende pini ya 11, graundi pini ya 29, na kapasita ya nanofaradi 100 kati yake. Mapigo ya saa yaingie pini ya 6. Pini za 16, 17, 24 na 25 zivute juu, yaani kwenye volti 5, kwa rezista za kiloomu 10. Ukiziacha hewani chipu itasimama ovyo. Pini nane za data (7 hadi 10, na 12 hadi 15) zishushe graundi, kila moja kwa rezista ya kiloomu 1. Sasa kila inachosoma ni 00, yaani amri ya kutofanya kitu. Shusha pini ya 26 kwa mapigo yasiyopungua matatu, kisha irudishe juu. Anwani, yaani nambari za mahali pa memori ambapo chipu inasoma, zitaanza kuhesabu.

Hapa wengi hukwama: taa walizounga kwenye pini za anwani zinarukaruka, wanadhani waya umelegea. Amri hiyo huchukua mapigo 4, na katika mawili ya mwisho chipu hutoa anwani ya kuhuisha memori. Pini ya 28 ikiwa chini, anwani unayoiona si ya programu, ipuuze.

Kila kipimo kiandikwe kwa tarehe, amri, idadi ya mapigo na hali ya rejista (vihifadhi vidogo vilivyo ndani ya chipu). Daftari hilo ndilo ushahidi wako. Kama chipu unayoichunguza ina mikrokodi na unalazimika kuisoma, gawa kazi: aliyeisoma aandike tu chipu inatenda nini, na anayeandika mikrokodi mpya awe mtu ambaye hajaiona kabisa. Maswali yao yapite kwa maandishi na yahifadhiwe. Katika kesi ya NEC na Intel, kampuni mbili za chipu, iliyoamuliwa Marekani mwaka 1989, mahakama ilikubali kwamba mikrokodi ina hakimiliki, lakini ikaona ya NEC haikuwa nakala. Mikrokodi iliyoandikwa upya na mtu asiyeiona ya Intel ilisaidia sana, kwa sababu ilionyesha kwamba mifanano mingi ililetwa na chipu yenyewe.

Mchoro wa tabaka za chipu una ulinzi wake, tofauti na hakimiliki ya maandishi. Sheria ya Marekani ya 1984 inaulinda kwa miaka 10, lakini inaruhusu kuunakili kwa ajili ya kufundisha na kuchambua. Mchoro utakaopeleka kiwandani lazima uwe wako.

Kinachotutia wasiwasi zaidi ni hataza, yaani haki ya pekee ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake. Hapo daftari halikuokoi: hata ukigundua mwenyewe, unaikiuka. Z80 ilitoka 1976, na hataza hudumu miaka 20, kwa hiyo hapo pako salama. Kwa chipu mpya, kagua rejista ya hataza ya kila nchi utakakouza; kwa Tanzania Bara iko kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Kagua pia mkataba wowote uliosaini ili upewe nyaraka, kwani unaweza kukufunga pale sheria ilipokuachia. Na juu ya chipu yako usichape jina wala nembo ya mtengenezaji wa kwanza.