Leza inakula: kwa mnaoanza kukata gia ndogo

Gia ya kwanza niliyokata ilikuwa ya printa ya duka moja la fotokopi, Darajani. Meno 20, moduli (kipimo cha ukubwa wa jino) 0.5. Mchoro ulikuwa safi, na gia ilipotoka kwenye mashine ya leza, inayokata plastiki kwa mwale wa mwanga, iling'aa. Nikaivisha kwenye pini yake, nikaigusa kwa ukucha: ikacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Tundu kubwa, meno membamba. Siku nzima nikailaumu mashine, kumbe kosa langu.

Leza inakula. Mwale una upana wake. Kwa mashine nyingi za leza ya kaboni dioksidi, kwenye akriliki (plastiki ngumu kama kioo) ya milimita 3, upana wa mkato huwa kiasi cha milimita 0.1 hadi 0.2. Ukikata kibao cha duka hulioni hilo. Lakini jino la moduli 0.5 lina unene wa milimita 0.79 hivi. Likiliwa 0.1 kila upande, robo ya jino imekwenda, na tundu nalo limepanuka kwa 0.2.

Kwa hivyo msinakili namba ya mtu, hata yangu. Kata mraba wa milimita 20 kwenye plastiki ile ile utakayotumia, upime kwa kalipa, kile kipimio cha taya mbili. Ikisoma 19.82, mkato wako ni 0.18: kwenye mchoro, mstari wa meno usogeze nje kwa nusu yake, 0.09, na wa tundu uingize ndani kwa kiasi hicho hicho. Ukibadilisha plastiki, unene au lenzi, pima tena. Mimi hupima hata umeme ukikatika na kurudi, ila huo ni uoga wangu tu.

Wateja watakuletea vipande vya mabango: "Plastiki ni plastiki, fundi." Si kweli. PVC, plastiki ile ya mabomba, ikipigwa leza hutoa gesi ya asidi inayochoma mapafu na kutia kutu reli za mashine, na hewa yetu ya chumvi peke yake inatosha kwa kutu. Ukiwa na shaka, toka nje, pasha waya wa shaba mpaka uwe mwekundu, uguse plastiki, kisha urudishe waya motoni. Moto ukiwa kijani, huenda ni PVC: mrudishie mwenyewe kipande chake.

Kwa gia ya kazi naipenda plastiki ya asetali. Inateleza, haivunjiki ovyo kama akriliki. Ila ikiwaka moto wake hauonekani vizuri, basi usiiache mashine hata kwa kwenda kununua urojo.

Gia inayogeuza shingo ya feni kataeni kuitengeneza. Inaendeshwa na skrubu, meno yake yamelala upande, na leza hukata wima tu.

Masizi kwenye akriliki yaosheni kwa maji na sabuni ya vyombo, si spiriti. Ukingo uliokatwa kwa leza unabaki na mkazo ndani yake, na spiriti huupasua. Mimi nilifuta gia 12 kwa spiriti usiku, nikazipanga kwenye kisahani. Asubuhi kila shina la jino lina ufa mwembamba kama unywele.