Maswali ya Wasomaji: Land Rover 109 imepita kwenye mashine ya alaimenti, bado inatangatanga

SWALI: Ndugu wahariri, salaam. Nina pikapu ya Land Rover 109 Series III, naitumia kubeba mbao na saruji kati ya Arusha mjini na Ngaramtoni. Imepigwa alaimenti (kupima na kunyoosha matairi) ya kompyuta mara mbili. Karatasi ya vipimo inatoka kijani, yaani sawa, karibu kote, isipokuwa kemba (mlalo wa tairi kwa juu, ndani au nje), ambayo ni nyekundu na wanasema imezidi, na fundi anataka kuichoma ekseli kwa moto ili aikunje. Barabarani gari linatangatanga, na matairi ya mbele yote mawili yanalika upande wa ndani. Nifanyeje?
Msomaji, Ngaramtoni

JIBU: Kwanza kabisa, ekseli isiguswe na moto. Chuma kikichomwa hupoteza ugumu wake, na hapo ndipo uzito wa injini na mzigo unapokaa.

Rudi pale ulipopimiwa uulize walichagua gari gani kwenye orodha ya mashine. Mara nyingi Series III haimo, basi mpimaji huchukua lililo karibu kwa jina, yaani Defender. Magari haya mawili yanafanana kwa sura lakini vipimo vyake havilingani. Series III inataka kemba ya digrii 1.5, maana yake tairi likitazamwa kwa mbele liwe limelala nje kidogo kwa juu. Inataka kasta (mlalo wa kwenda nyuma wa mhimili ambao tairi hugeukia) ya digrii 3, na matairi ya mbele yabane kwa mbele, yaani mbele yakaribiane kuliko nyuma, milimita 1.2 hadi 2.4. Defender inataka kemba sifuri, na matairi yake hutanuka kwa mbele kidogo badala ya kubana. Sababu ni kwamba Defender huvuta kwa matairi yote manne muda wote, na tairi la mbele linalovuta hujibana lenyewe. La kwako likiwa kwenye lami husukumwa na ekseli ya nyuma, kwa hiyo matairi ya mbele hufunguka yanapoburutwa.

Basi ile kemba iliyoonekana nyekundu huenda ni sahihi kabisa, na ile kijani ya kubana na kutanuka, iliyowekwa kwa kipimo cha Defender, ndiyo inayokula matairi yako. Hata bila mashine unaweza kuhakikisha. Pitisha kiganja juu ya kashata (meno) za tairi la mbele, kutoka ndani kwenda nje, halafu urudi. Kama kiganja kinateleza vizuri kikienda nje lakini kinakwaruzwa kikirudi ndani, matairi yametanuka. Ikiwa ni kinyume chake, yamebana kupita kiasi.

Kabla ya kulegeza nati yoyote, tafuta plei, yaani kucheza kwa viungo vilivyolegea. Kwenye ekseli ya kipande kimoja kama hii, kitu pekee kinachorekebishwa kwa spana ni kubana na kutanuka. Kemba na kasta zimo kwenye ekseli yenyewe, zikiharibika ujue kuna kilichochakaa au kilichopinda. Mashine hupima gari kama lilivyo siku hiyo. Boljointi (jointi ya ncha ya fimbo za stelingi) iliyolegea itapimwa imekaa upande mmoja, na ukipita shimo la kwanza itahamia upande wa pili.

Weka matairi chini, injini imezimwa. Mtu mmoja achezeshe stelingi kushoto na kulia, kidogo tu na kwa haraka. Wewe ingia chini, ushike kila jointi kwa zamu. Ziko sita: mbili kwenye bomba linalotoka stelingi boksi kwenda kwenye relei, mbili kwenye dreg linki inayotoka relei kwenda kwenye tairi, mbili kwenye tairodi inayounganisha matairi mawili ya mbele. Jointi nzima huisikii kabisa, iliyokufa hugonga kiganjani. Kagua pia yubolti (bolti za umbo la U) za springi, bushi za springi, na bolti zinazoshika stelingi boksi kwenye chesisi.

Usiisahau relei, ule mtungi uliosimama kwenye kiungo cha mbele cha chesisi. Ndani yake huwa na oili ya gia namba 90, na watu wengi huiacha mpaka ikauke. Ikikauka, stelingi huwa nzito na hairudi yenyewe baada ya kona, halafu kosa linawekwa kwenye kasta. Fungua bolti mbili za juu: moja ya kumiminia oili polepole, nyingine ya kutolea hewa. Usiifungue relei yenyewe nyumbani. Ndani mna springi kali iliyobanwa, ikifyatuka inaumiza.

Plei ikiisha, pima mwenyewe. Unahitaji sakafu tambarare ya zege, upepo sawa kushoto na kulia, futi kamba na chaki. Inua tairi moja moja, lizungushe huku umeegemeza msumari kwenye kitu kisichotikisika, uchore mstari mmoja mwembamba katikati ya kashata kuzunguka tairi lote. Usiamini mstari wa kiwandani, tairi linaweza kuwa limepinda. Shusha gari, lisukume mbele mita mbili au tatu likiwa limenyooka, ulisimamishe bila kulirudisha nyuma. Ukilirudisha, matairi yatajibana badala ya kufunguka na kipimo kitakudanganya.

Tia alama ya chaki kwenye kila mstari upande wa mbele wa tairi, kwenye kimo cha katikati ya habu, upime kutoka mstari hadi mstari. Sukuma gari mbele tena mpaka alama zilezile zifike nyuma kwenye kimo kilekile, upime tena. Ukipima alama zilezile, rimu iliyopinda haiharibu hesabu. Futi ikizuiwa na mabomba ya chini, tumia mabomba mawili membamba yanayoingiana kama fimbo ya kupimia.

Kipimo cha mbele kinatakiwa kiwe kidogo kuliko cha nyuma. Zile milimita 1.2 hadi 2.4 ni za ukingo wa rimu. Wewe umepima kwenye kashata, na tairi la 7.50-16 lina kipenyo karibu mara mbili ya rimu, kwa hiyo lenga tofauti ya milimita 2 hadi 4. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wakachanganya vipimo viwili visivyo vya mahali pamoja.

Kurekebisha, legeza klempu za ncha zote mbili za tairodi. Ncha moja ina nyuzi za kulia na nyingine za kushoto, hivyo ukizungusha bomba inarefuka au kufupika. Likigoma, mwagia mafuta ya kulegeza kutu jioni, uje asubuhi na spana ya bomba. Zungusha kidogo, sukuma gari mbele, pima. Kabla ya kukaza hakikisha boljointi zote mbili zimelala sambamba, zisije zikabanana gari likipiga kona. Stelingi ikibaki imepinda, usiichomoe ukaiweka upya; rekebisha urefu wa bomba na dreg linki. Stelingi boksi imetengenezwa iwe imebana zaidi ikiwa katikati, na ukiihamisha hapo utakuwa na plei ukienda moja kwa moja.

Likiendelea kuvuta kushoto kidogo sana, jaribu upande wa kulia wa barabara mahali pasipo na magari. Lami huinama kushoto ili maji yatoke, na gari zima kabisa hufuata mwinamo huo.

SWALI: Hilux LN106 yangu ya kubeba ndizi kutoka Kibosho hadi soko la Mbuyuni, nikigonga shimo nikiwa kwenye 60 hivi, stelingi inatetemeka mpaka nisimame. Alaimenti tayari. Nimeshauriwa nifunge shokapu ya stelingi mpya.
Msomaji, Moshi

JIBU: Shokapu mpya itaficha ugonjwa kwa miezi michache. Anza na balansi ya matairi, kisha inua ekseli ya mbele, ushike tairi kwa juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki huku unaendelea kutikisa. Plei ikipotea, ni beringi ya habu. Ikibaki, ni beringi za kingpini, juu na chini kwenye nako, kile kiungo kinachogeuka na tairi. Hizo hupunguzwa au kuongezewa vibati vyembamba chini ya mkono wa stelingi mpaka nako igeuke kwa uzito kidogo bila kukwama. Kama nje ya nako kuna grisi nyepesi kama oili, sili ya ekseli imekufa na oili ya difu inaosha beringi. Badilisha vyote kwa pamoja. Angalia na yubolti, kwa sababu barabara ya mteremko yenye mashimo huzilegeza haraka.

SWALI: Alaimenti ifanyike gari likiwa tupu au na mzigo?
Msomaji, Usa River

JIBU: Yenye ekseli ya kipande kimoja mbele, kama hizo mbili za juu, haibadiliki sana, pima tupu. Hilux inayovuta kwa tairi mbili, yenye tosheni baa (fimbo ya chuma inayojisokota badala ya springi) mbele, ni tofauti: ikishuka au kuinuka, vipimo vyote vinahama. Weka kwanza kimo cha mbele sawa kushoto na kulia, pakia uzito unaobeba siku nyingi, ndipo uipeleke kwenye mashine.